Faili la bei la ini kwenye Python linanisumbua, mama mdogo akibadilisha bei skripti inagoma

mangi_wa_mbuyuni

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa. Nina skripti ndogo ya Python nimemwandikia mama mdogo, ana duka la nafaka soko la Mbuyuni hapa Moshi, kazi yake ni kuchapa risiti tu, unaandika mahindi kilo kadhaa inapiga hesabu inatoa karatasi, basi. Bei sikutaka nizichimbie ndani ya kodi kwa sababu nafaka haina bei ya kutulia, mzigo ukiingia mwingi inashuka, ukikawia inapanda, na mimi sishindi dukani. Kwa hiyo nikaziweka kwenye faili la bei.ini, mama mdogo analifungua mwenyewe kwa Notepad, anabadilisha namba, anasevu, maisha yanaendelea. Faili lipo hivi:

```
[bei]
; bei zote ni za kilo moja
Mahindi = 1100
Maharage_Njano = 2900
; choroko muulize Mama kabla ya kushusha
Choroko = 3000

[duka]
ujumbe = Karibu tena
risiti_ya_mwisho = 4187
```

Na kodi yenyewe, nimeikata hapa na pale:

```
c = configparser.ConfigParser()
c.read('bei.ini')
bei = {}
for b in c['bei']:
    bei[b] = int(c['bei'][b])

# ... risiti inachapwa hapa ...

c['duka']['risiti_ya_mwisho'] = str(namba)
with open('bei.ini', 'w') as f:
    c.write(f)
```

Sasa vituko. Risiti ya kwanza tu ikitoka komenti zote kwenye faili (ile mistari ya maelezo inayoanza na ;) zinafutika, mama mdogo ananiuliza nani amefuta maandishi yake. Halafu majina yote yanakuwa herufi ndogo, risiti inaandika maharage_njano kama jina la paswedi. Juzi umeme umekatika na betri ya laptop hii ilishakufa zamani, kuwasha faili la bei ni jeupe, halina hata herufi moja, bei zote zimeenda. Na leo asubuhi kaandika upya bei ya mahindi, skripti inasema `ValueError: invalid literal for int() with base 10: ''` wakati yeye anaapa bei ameandika na kwenye simu kanisomea ipo.

Laptop ni Windows 7, Python 3.8, tafadhali msianze na habari za nunua mashine mpya.

---

fundi_sakina

Mangi poa sana, hiyo ya herufi ndogo ni rahisi, configparser (maktaba ya Python inayosoma mafaili ya ini) kwa kawaida yake inapitisha kila jina kwenye lower, unaizima hivi na lazima uiweke KABLA ya read, ukiiweka baada haikusaidii:

```
c = configparser.ConfigParser()
c.optionxform = str
c.read('bei.ini')
```

Komenti ndo zimeenda hivyo chalii wangu, ikisoma faili inachukua majina na thamani tu, komenti inaziruka haizikumbuki popote, kwa hiyo ukimwambia write anaandika alichonacho kichwani. Hamna swichi ya kuziacha.

Mimi ningekushauri uachane na ini uhamie JSON, muundo mwingine wa kuhifadhi data kwenye faili, unasoma kwa json.load unapata dikshonari moja kwa moja, namba zinakuja zikiwa namba sio maneno, hakuna int wala nini. Huku Arusha mifumo yote niliyoandikia watu natumia JSON na sijawahi kujuta.

---

dada_wa_njiro

Fundi, JSON kwa mtu anayefungua faili kwa Notepad huku mteja anasubiri gunia lake? Hapana jamani. Akisahau koma moja faili zima halisomeki, akiacha koma baada ya bidhaa ya mwisho halisomeki, akikosa alama ya kufunga maneno halisomeki, na komenti ndo haziruhusiwi kabisa, Douglas Crockford aliyeileta JSON alizitoa kwa makusudi. Mama wa watu alikuwa anajiandikia "choroko muulize Mama", sasa ataandika wapi? JSON ni lugha ya programu kuongea na programu, hapo inafaa sana, ila sio ya mama mdogo.

Mangi tatizo lako kubwa wala sio ini. Ni kwamba faili moja lina wenyewe wawili. Bei anaandika mama mdogo, namba ya risiti inaandika skripti, wote wanaandika palepale. Ndo maana komenti zinafutika, ndo maana umeme ukikatika unapoteza na bei ambazo skripti haikuwa na sababu yoyote ya kuzigusa. Na kuna balaa lingine bado hujalikuta, mama mdogo akiwa amefungua faili kwenye Notepad huku risiti tano zimetoka, akisevu anairudisha namba ya risiti nyuma, unaishia na risiti mbili namba moja. Siku mtu akirudi na risiti kudai chenji mtaumbuka.

Tenganisha. bei.ini iwe ya mama mdogo peke yake, skripti inaisoma tu, usiweke mahali popote kwenye kodi open ya 'w' kwa faili hilo. Namba ya risiti iende kwenye faili lake, na hapo fundi atafurahi kwa sababu hilo linafaa liwe JSON.

Kuhusu faili kuwa jeupe, ukifungua kwa 'w' Python inalifuta faili hapohapo kwenye kufungua, kabla hujaandika chochote. Umeme ukikatika kati ya hapo na kumaliza kuandika, kilichobaki ni faili tupu. Dawa yake ni kuandika kwenye faili jipya pembeni, likikamilika ndo unalibadilisha na la zamani kwa mpigo mmoja:

```
import json, os
from pathlib import Path

HAPA = Path(__file__).resolve().parent
HALI = HAPA / 'hali.json'

def andika_hali(hali):
    ya_muda = HAPA / 'hali.json.mpya'
    with open(ya_muda, 'w', encoding='utf-8') as f:
        json.dump(hali, f, indent=2)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(ya_muda, HALI)
```

Hiyo fsync inaiambia Windows iandike kwenye diski kweli isikae nayo kwenye memori. Na tumia os.replace usitumie os.rename, kwenye Windows rename inagoma kama jina lipo tayari. Umeme ukikatika wakati wowote, kwa kawaida unachokuta ni hali ya zamani au hali mpya, haikuachii nusu.

Ile ValueError weka hapa mstari wenyewe kama alivyouandika, usiuandike upya kwa kichwa, nakili.

---

mangi_wa_mbuyuni

Dada asante sana, hiyo ya wenyewe wawili imeniingia, sikuwahi kuliangalia hivyo. Nimemwambia anitumie picha ya skrini, huu hapa:

```
Mahindi 1100/=
Maharage_Njano = 2900
```

Kwa kweli bei ipo!! sasa kwa nini Python inaona ''?

---

KiboshoJuu

Hahahaa mama mdogo ameandika bei kama inavyoandikwa kwenye kibao cha sokoni, na hana kosa hata kidogo.

Sikia kinachotokea hapo. configparser inatafuta alama ya kwanza ya = au : kwenye mstari, chochote kilicho kushoto ni jina, cha kulia ni thamani. Kwenye mstari wake alama ya = ipo moja tu, ile ya mwisho kabisa kwenye /=. Kwa hiyo jina la bidhaa limekuwa "Mahindi 1100/" na bei yake ni hewa. Haikulalamika kusoma kwa sababu kwa macho yake mstari umekamilika, una jina, una =, na thamani tupu inaruhusiwa. Umekuja kugongwa kwenye int.

Angeandika Mahindi = 1100/= ungepata '1100/=' na int ingegoma vilevile ila angalau ujumbe wa kosa ungekuonyesha.

Kuna mitego mingine ya aina hii, ukae chonjo. Akianza mstari kwa nafasi, mfano anataka kupanga bidhaa zipendeze, mstari huo unahesabiwa ni mwendelezo wa ule wa juu. Yaani

```
Maharage_Njano = 2900
   Choroko = 3000
```

hapo choroko haipo kabisa dukani, na maharage bei yake imekuwa maneno ya mistari miwili. Na akiandika komenti pembeni ya bei, `Mahindi = 1100 ; ya Babati`, hiyo sio komenti, ni sehemu ya bei, kwa kawaida yake komenti inatambulika ikianza mstari tu. Unaweza kuiruhusu kwa inline_comment_prefixes=(';',) pale unapotengeneza ConfigParser, mimi kwa duka ningeiruhusu, watu wanapenda kuandika pembeni. Kitu pekee, siku akiweka nukta mkato kwenye ujumbe wa risiti, yenye nafasi kabla yake, kilichobaki kitakatwa.

Ila kuna moja ambayo iko upande wako, akiongeza Mahindi ya pili chini akasahau ya juu, inarusha DuplicateOptionError na namba ya mstari. Iache hivyohivyo usiizime kwa strict=False, bei mbili za kitu kimoja ni ugomvi na mteja.

---

fundi_sakina

Sasa si umsafishie tu kwenye kodi, unachukua tarakimu unatupa mengine yote, iwe 1100/= iwe 1,100 iwe Tsh 1100 inapita:

```
int(''.join(x for x in thamani if x.isdigit()))
```

Mama mdogo aandike anavyotaka, kazi ya kompyuta ndo hiyo.

---

KiboshoJuu

Fundi hiyo ni hatari bana. Akiandika 1100.50 umemuuzia mahindi laki na elfu kumi na hamsini kwa kilo. Akiandika "1100 zamani 1000" unapata milioni kumi na moja. Na skripti haisemi kitu, inachapa. Mimi sina shida na kusamehe vitu unavyovijua, /= na koma ya elfu, ila kisichojulikana kigome kwa sauti na kitaje bidhaa. Hivi:

```
import configparser

def soma_bei():
    c = configparser.ConfigParser(interpolation=None,
                                  inline_comment_prefixes=(';',))
    c.optionxform = str
    faili = HAPA / 'bei.ini'
    if not c.read(faili, encoding='utf-8-sig'):
        raise SystemExit('Sijaliona faili la bei: ' + str(faili))
    bei = {}
    for bidhaa, thamani in c['bei'].items():
        safi = thamani.replace('/=', '').replace(',', '').strip()
        if not safi.isdigit():
            raise SystemExit('Bei ya ' + bidhaa + ' haieleweki: ' + repr(thamani))
        bei[bidhaa] = int(safi)
    return bei
```

Kwa mstari wake wa leo ingesema `Bei ya Mahindi 1100/ haieleweki: ''` na mtu yeyote akiona hapo anajua alama ya = imesahaulika katikati. Hauhitaji kupigiwa simu.

Ukiwa unaifungua kwa kubonyeza mara mbili lile dirisha jeusi linajifunga kabla hajasoma, kwa hiyo zungushia try mahali unapoiita, ukidaka SystemExit chapa ujumbe wake halafu weka input('Bonyeza Enter') imsubiri.

---

mangi_wa_mbuyuni

Aisee 🙌🙌 nimenakili nimejaribu inafanya kazi. Maswali mawili tu, utf-8-sig ni nini na interpolation=None ni ya nini, sitaki kubandika kitu nisichokijua.

Halafu kuna ripoti ya jioni, skripti nyingine inasoma bei.ini hiyohiyo kupiga jumla, nimeiweka Task Scheduler iamke saa mbili usiku. Nikiiendesha mwenyewe iko sawa, ikiendeshwa na Task Scheduler inasema KeyError: 'bei'. Faili lipo palepale halijahama.

---

dada_wa_njiro

Task Scheduler hiyo ni ya kila mtu. Wewe ukiandika c.read('bei.ini') unamaanisha "bei.ini kwenye folda niliyosimama", na Task Scheduler usipomjazia sehemu ya Start in anasimama kwenye C:\Windows\System32. Huko hakuna bei. Na read ya configparser ni mpole kupita kiasi, faili lisipokuwepo hairushi kosa, inanyamaza na kukurudishia orodha tupu ya mafaili iliyoyasoma, kosa linakuja kutokea mbele huko ukitafuta [bei]. Ndo maana Kibosho ameandika if not c.read, na ndo maana juu nilianza na `__file__`, ile HAPA inashika folda ya skripti yenyewe popote utakaposimama. Ingiza zote mbili kwenye ripoti pia.

Bora zaidi weka soma_bei kwenye faili moja, duka_bei.py mfano, risiti na ripoti zote ziite kutoka hapo. Sio kila skripti ina namna yake ya kusoma bei.

utf-8-sig: Notepad ya Windows 7 ukisevu kwa kuchagua UTF-8 inaweka alama isiyoonekana mwanzo kabisa wa faili, inaitwa BOM. Wewe huioni, Python inaiona, inakuta mstari wa kwanza ni `ï»¿[bei]` badala ya [bei] na inakuambia MissingSectionHeaderError, unakodoa macho kichwa cha sehemu kiko hapo mbele yako. utf-8-sig inaiondoa ikiwepo, isipokuwepo haina neno. Kwa hiyo mwelekeze asevu kwa UTF-8, kwa sababu ile chaguo ya ANSI akija kuweka herufi yenye alama ya ajabu haitasomeka.

Interpolation namwachia Kibosho.

---

KiboshoJuu

Interpolation ni kwamba configparser inaichukulia alama ya % kama maagizo, unaweza kuandika %(folda)s ikaingiza thamani ya kitu kingine. Kwenye duka hauhitaji. Ila subiri siku mama mdogo abadilishe ujumbe wa risiti kuwa "Punguzo 5% ukinunua gunia", utapata InterpolationSyntaxError na hautaelewa gunia limeingiaje. None inazima yote, % inakuwa % tu.

Na kitu kingine, Windows inaficha miisho ya majina ya faili, mtu akifanya Save As kwenye Notepad linaweza kuwa bei.ini.txt huku kwenye skrini anaona bei.ini safi kabisa. Kazime hiyo Hide extensions kwenye laptop yake leo.

---

mwanafunzi_tu

Samahani wakubwa kuingilia, mimi niko chuo hapa Arusha, mwalimu katuambia faili za mipangilio kama hizi siku hizi ni TOML, mbona hamjaitaja? Na YAML, muundo mwingine kama huo, je?

---

dada_wa_njiro

Karibu mdogo wangu. Mwalimu hajakosea, TOML ni nzuri, Tom Preston-Werner aliianzisha 2013, ina komenti, namba ni namba, na kosa la mama mdogo lingegomewa palepale na namba ya mstari. Python ina tomllib ndani yake kuanzia 3.11 ya 2022. Mangi yuko 3.8, na kwa Windows 7 hapati inayofuata kwa njia rasmi kwa sababu 3.9 ilishaachana na Windows hiyo, angelazimika kuongeza maktaba ya nje ya tomli. Pia tomllib inasoma tu, haiandiki. Ukitaka kuandika huku komenti zinabaki kuna tomlkit. Na usisahau faili la TOML unalifungua kwa 'rb', ukiweka 'r' inakukatalia.

Tatizo la hapa ni moja, kwenye TOML maneno lazima yawe ndani ya alama za kunukuu, `ujumbe = "Karibu tena"`, na huyu ni mtu anayeandika 1100/=. Ningekuwa naanza mradi wa waprogramu wenzangu ningetumia TOML bila kujiuliza. YAML nafasi mbili zikizidi maana inabadilika, kwa Notepad siishauri kwa yeyote.

---

fundi_sakina

Sawa nimekubali yaishe, JSON ibaki ya hali.json 😂 ila mangi ongeza nakala basi. Kila asubuhi skripti ikisoma bei.ini ikaelewa yote bila kosa, ifanye shutil.copy2 kwenda folda ya nakala ikiwa na tarehe kwenye jina. Iwe BAADA ya kusoma vizuri, sio kabla, vinginevyo utajaza nakala za faili bovu. Mama akiharibu kabisa unamwambia chukua ya jana.

---

mangi_wa_mbuyuni

Hiyo ya nakala naiweka leo leo. Nimeshatenganisha, bei.ini sasa skripti haiandiki, komenti zake amezirudisha na zimekaa. Ripoti ya jioni nayo imeshika.

La mwisho kabisa, anataka awe na uwezo wa kuzima kuchapa punguzo bila kunipigia, nikamwekea kwenye [duka] `punguzo = ndiyo`. Nimetumia `if c['duka']['punguzo']:` sasa hata akiandika hapana punguzo linachapwa. getboolean nimejaribu inasema Not a boolean: ndiyo.

---

KiboshoJuu

Kila kitu kutoka ini ni maneno, na neno lolote lisilo tupu kwa if ni kweli, hata likiwa "hapana". getboolean ndo sahihi, tatizo inajua yes, no, on, off, true, false, 1 na 0 tu. Ifundishe Kiswahili:

```
c.BOOLEAN_STATES = {'ndiyo': True, 'ndio': True, 'hapana': False}
lipo = c.getboolean('duka', 'punguzo', fallback=False)
```

Yenyewe inashusha herufi kabla ya kulinganisha, kwa hiyo NDIYO na Ndiyo zinapita, wewe kwenye orodha andika kwa herufi ndogo. Hiyo fallback inafanya kazi akiufuta mstari wote, ila akiandika "siyo leo" bado itagoma, na igome tu.

---

mangi_wa_mbuyuni

Imekubali. Ameandika HAPANA kwa herufi kubwa zote na imeelewa 😂 asanteni sana wakuu, dada ukipita Mbuyuni maharage ya njano yapo.